Shane MacGowan na The Pogues: aliziharibu nyimbo za wazee wa Ireland au alizirudisha kwa wenyewe? (uzi mrefu)

Kanda_ya_Kale (mleta mada):

Wakuu, heshima kwenu. Nimeukalia uzi huu tangu Desemba 2023, alipozikwa Shane MacGowan, mwimbaji na mtunzi wa bendi ya The Pogues. Kila nikitaka kuanza naona usiku hautatosha. Leo nimeamua. Mwenye chai yake asogeze kikombe.

Nianze na mahali nilipoupatia muziki wenyewe. Mwaka 1999 nilikuwa kibarua wa ujenzi kaskazini-magharibi mwa London. Alfajiri tulisimama kando ya barabara kuu ya Cricklewood, giza bado, baridi ya kupasua midomo, tukingoja magari ya kutupeleka saiti. Palepale Wairishi walisimama kabla yetu, miaka ya 50 na 60, wakingoja magari ya namna hiyohiyo. Gari letu lilikuwa la mzee mmoja mwenyeji wa Mayo, magharibi mwa Ireland. Alivuka bahari kwa meli ya usiku mwaka 1961, akashukia Holyhead, akapanda treni ya London na sanduku moja.

Garini mwake mlikuwa na kanda moja tu, maandishi yake yamefutika kwa kushikwashikwa. Siku ya kwanza nilifikiri redio inaivuta kwa kasi isiyo yake. Filimbi inakimbia, kodiani inaifukuza, banjo inadondoka nyuma yao kama mvua ya mawe juu ya bati, ngoma hazipumui. Juu ya vyote hivyo iko sauti ya mtu iliyokwaruza, maneno anayatema. Nikamuuliza, mzee, hawa wanawahi wapi? Akanijibu kwamba baadhi ya nyimbo hizo anazijua tangu jikoni kwa mama yake, ila mama aliziimba taratibu.

Swali la kwa nini waziimbe mbio lilinikaa kichwani miaka mingi, na jibu nililofikia ndilo nataka tulijadili.

MacGowan alizaliwa siku ya Krismasi 1957 huko Pembury, Kent. Yaani kazaliwa Uingereza, wazazi wote Wairishi. Sehemu ya utoto wake aliipitisha kwa ndugu wa mama yake Carney, Tipperary, kwenye nyumba ya shamba ambamo watu walikutana usiku kuimba, kupiga na kucheza. Mama mwenyewe alikuwa mwimbaji na mchezaji hodari wa ngoma za kwao. Kisha ni Uingereza tena. Kwa maandishi alikuwa na kipaji cha wazi. Alipata ufadhili wa kusoma Westminster, moja ya shule kongwe za London, akafukuzwa kwa sababu ya dawa za kulevya. Mwaka 1976 muziki wa panki, ile roki ya vijana ya haraka na makelele, ulipolipuka, yeye alikuwa mstari wa mbele kabisa. Gazeti la muziki lilichapisha picha yake akivuja damu sikioni kwenye onyesho la bendi ya panki The Clash, wakati hata bendi hana. Baadaye akaanzisha yake ya panki, The Nips.

Mwaka 1982, mtaa wa King's Cross, ndipo The Pogues wanapozaliwa. Jem Finer kashika banjo. Spider Stacy filimbi ya bati, ile ya matundu sita ambayo mtoto yeyote wa Ireland huanza nayo; wakati mwingine aliiweka chini akajipiga sinia la bia kichwani kutia mdundo. James Fearnley alikuwa mpiga gitaa, bendi ikataka kodiani, akaenda kujifunza kodiani. Cait O'Riordan besi. Andrew Ranken alipiga ngoma akiwa amesimama, ngoma zenyewe chache, hana ule mlima wa vyombo wa wapigaji wa roki. Jina lao la kwanza lilikuwa Pogue Mahone, Kigaeli, lugha ya asili ya Ireland, kilichoandikwa kwa masikio ya Kiingereza, na maana yake ni kumwambia mtu akubusu makalioni. Huko BBC walikuwepo wanaojua Kigaeli, wakalalamika, jina likakatwa.

Sasa mazingira, maana bila hayo mbio zile hazieleweki. Mwaka 1974 mabomu ya IRA, kundi la silaha lililotaka kuitoa Ireland ya Kaskazini mikononi mwa Uingereza, yaliua watu kwenye baa za Birmingham. Bunge likapitisha haraka sheria ya kuzuia ugaidi, na kwa miaka mingi Mwairishi Uingereza aliweza kushikwa bandarini akahojiwa kwa sababu ya lafudhi tu. Wazazi wakawafundisha watoto kunyamaza kwenye basi. Nyimbo zikajificha jikoni na kwenye kumbi za wazee. Mtoto aliyezaliwa London akazisikia kwa haya, kama anavyosikia mama yake akimwita kwa sauti kubwa mbele ya wenzake wa shule.

Mtoto huyo ndiye MacGowan aliyemwimbia. Alichukua nyimbo za kule jikoni akazipa mwendo wa mitaa ambayo watoto hao walikuwa wakiishi. Panki ndiyo ilikuwa lugha ya ujana wao, nao wakaziimba bila kuona haya kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo mtu akiniambia aliziharibu, huwa namuuliza zilikuwa zimebaki na nani wakati ule.

Naleta hoja, ipigwe.

Binti_Pangani:

Kaka, umeandika vizuri nami nimesoma hadi mwisho, lakini sikubali. Nimekulia kwenye nyumba ya wapiga muziki. Najua mwalimu anakaa na mwanafunzi miaka mingapi ili ule mkono utue pale unapotakiwa. Hawa unaowasifu, kwa maelezo yako mwenyewe, mmoja alibadilishiwa chombo akajifunza akiwa ndani ya bendi, mwingine anajipiga sinia kichwani. Mzee wa Ireland aliyepiga fidla tangu ana miaka sita aseme nini? Kasi inaficha makosa. Wimbo wa kuombolezea ukiukimbiza, maombolezo yanakwenda wapi?

Kanda_ya_Kale:

Dada, hoja yako ndiyo waliyoitoa wenyewe wakati ule. Mwaka 1985 kwenye redio ya Ireland, Noel Hill, bingwa wa konsatina (ndugu mdogo wa kodiani), aliwashambulia uso kwa uso kwa maneno makali sana. Hakuwa mtu wa wivu, alikuwa fundi aliyeona kazi ya maisha yake inachezewa, na namheshimu kwa hilo.

Ila tazama kilichofuata. Mwaka 1987 The Dubliners, wale wazee wenye ndevu ambao Ireland nzima iliwachukulia kuwa nguzo ya nyimbo za asili, waliingia studio pamoja na The Pogues wakarekodi wimbo wa zamani wa meli, Ronnie Drew na MacGowan wakipokezana beti. Ukafika namba 1 Ireland na kuingia 10 bora Uingereza. Wazee hawakulazimishwa na mtu. Na The Dubliners wenyewe, walipoanza Dublin miaka ya 60, waliambiwa na waliowatangulia kwamba wana sauti za baa.

Kuhusu ufundi, usiwapime kwa siku ya kwanza. Terry Woods aliyejiunga nao baadaye alikuwa amepita Sweeney's Men na Steeleye Span, bendi zilizofanya kazi ya nyimbo za asili kwa uangalifu mkubwa. Philip Chevron alitoka kwenye panki ya Dublin, The Radiators. Kufikia albamu ya 1988, chini ya mtayarishaji Steve Lillywhite, wanapiga kwa usahihi ambao hata mkosoaji wa haki hawezi kuukataa.

Na maombolezo hayapotei. Kuna nyimbo zao za taratibu ambazo ukizisikiliza usiku peke yako utazima taa ukae gizani. Nitazirudia.

Fundi_Spika:

Mkuu, mimi ni mtu wa mitambo, naomba tuingie ndani ya mdundo. Hizo nyimbo za Kikelti, yaani za Ireland na jamaa zake, zina mapigo gani hasa, na zilikaaje na roki bila kugongana? Nimewahi kupiga na bendi ya hoteli, tulijaribu kuchanganya vitu viwili, kila mtu akavuta kwake.

Kanda_ya_Kale:

Swali zuri kweli. Ziko aina nyingi, ila mbili zitakutosha kwa leo. Jigi huenda kwa mapigo sita, yamegawanyika matatu matatu: pa-ta-ta, pa-ta-ta. Rili huenda kwa manne, imenyooka, noti zinamiminika bila kituo. Rili ikiongezwa kasi inakutana na panki njiani, kwa sababu panki nayo ni mapigo manne yaliyonyooka na haraka. Ranken anapiga ngoma kali kwenye pigo la pili na la nne, besi inafuata mzizi, gitaa linakwaruza kama linavyokwaruzwa kwenye panki. Filimbi na kodiani havibadilishi chochote, vinapiga vilevile ambavyo vingepigwa kwenye harusi ya Tipperary. Roki imekaa chini, Ireland iko juu, hakuna anayemkanyaga mwenzake.

Kwenye jigi kazi ni ngumu zaidi. Hapo ngoma ya roki ikikosea, wimbo unakuwa gwaride. Wao waliiacha ngoma itembee kwa yale matatu, ndiyo maana mwili unayumba badala ya kuruka.

Mama_Kuze:

Hodi jamani, Mombasa hapa. Hayo matatu matatu hayatupigi chenga sisi wa pwani. Chakacha ni yaleyale, mapigo sita. Nimeenda kusikiliza jigi moja baada ya kusoma maelezo yako, kiuno kikajua pa kwenda kabla ya kichwa. Vyombo ni vigeni, lakini mwendo ule naujua tangu utotoni. Endelea mwanangu.

Kanda_ya_Kale:

Shikamoo mama. Umenisemea jambo ambalo sikuwa na namna ya kulisema. Sidai kwamba wametoka kwetu au sisi kwao, ila sikio lililolelewa na chakacha halihitaji kusubirishwa mlangoni.

Mwana_Horslips:

Mleta mada, una mapenzi na MacGowan na ni haki yako, lakini historia isikatwe miguu. Kuchanganya Kikelti na roki hakukuanza na The Pogues. Horslips wa Dublin walianza mwaka 1970. Mwaka 1973 walitoa albamu nzima iliyojengwa juu ya hadithi ya kale ya vita vya ng'ombe wa Ulster, na gitaa la umeme la kibao chao maarufu limechukua wimbo wa kijadi wa gwaride la ukoo wa O'Neill. Huko Ufaransa, Alan Stivell alijaza ukumbi wa Olympia jijini Paris Februari 1972 akiwa na kinubi cha Kikelti ambacho baba yake alikifufua kwa mikono yake, pembeni Dan Ar Braz na gitaa la umeme, na Wabretoni, watu wa Kikelti wa magharibi mwa Ufaransa, waliozoea kuona haya kwa lugha yao wakatoka pale vichwa juu. Kama hoja yako ni haya na kurudisha heshima, Stivell alimtangulia mwenzake kwa miaka 10.

Kanda_ya_Kale:

Umenikamata pazuri. Stivell anastahili uzi wake na nakuomba uuandike wewe. Horslips vilevile. Tofauti ninayoiona ni moja. Horslips walikuwa nyumbani, wakizungumza na watu wa nyumbani juu ya mashujaa wa kale. MacGowan aliandika kutoka ugenini kuhusu watu waliolala kwenye vibanda vya vibarua, waliojenga barabara za Uingereza, waliozeeka kwenye chumba cha kupanga na barua ambazo hawakuzijibu. Tazama pia ule wimbo kuhusu mji mchafu wa viwanda, Dirty Old Town, ambao watu wengi wanaapa ni wa Ireland. Uliandikwa na Ewan MacColl mwaka 1949 kuhusu Salford, Uingereza. The Pogues waliurekodi mwaka 1985 kwenye albamu iliyotayarishwa na Elvis Costello, na tangu hapo Mwairishi wa ughaibuni anauimba kama hati ya nyumba yake.

Wimbo mkubwa zaidi wa ughaibuni kwenye albamu ya 1988 hakuuandika MacGowan. Ni wa Philip Chevron, kuhusu maelfu waliopanda meli kwenda Marekani, na yeye MacGowan anauimba kama vile ni damu yake. Chevron alifariki mwaka 2013. Watu wanamsahau, ndiyo maana nimemtaja mara mbili.

Muuguzi_wa_Zamu:

Nimesoma kimya tangu mwanzo, sasa niseme. Kuna jambo linaniuma kila nikisikia jina la mtu huyu. Magazeti yalimfanya mlevi wa maonyesho. Meno yake, kudondoka kwake jukwaani, mahojiano anayoyumba, yote yalikuwa burudani. Kazini kwangu naona ini na mapafu ya watu wa namna hiyo, na hakuna anayepiga makofi. Tusimsifu bila kulisema hili.

Kanda_ya_Kale:

Ahsante sana dada, na nakubaliana nawe neno kwa neno. Kuna waliotuaminisha kwamba alilewa ndipo akaandika. Ukizipanga albamu kwa miaka utaona mambo yalivyokwenda. Kuanzia 1984 hadi 1988 anaandika nyingi za nyimbo mpya za bendi kwa mkono usiotetemeka. Za 1989 na 1990 tayari anaonekana kwa vipande, wenzake wanaziba mapengo. Mwaka 1991, wakiwa ziarani Japani, bendi ikamwondoa kwa sababu haiwezekani tena. Alikuwa na miaka 33. Alirudi nao mwaka 2001 kwa maonyesho na watu walifurahi, lakini albamu mpya ya pamoja haikutoka tena. Mwaka 2015 alianguka akavunjika nyonga, akamaliza maisha kwenye kiti cha magurudumu. Kila nikizisikiliza zile albamu tatu za mwanzo huhesabu nyingine ambazo tungezipata.

Binti_Pangani:

Hapo kaka umenigusa. Kwetu pia nimeona mpiga udi aliyekwenda hivyohivyo, na watu wakimnunulia pombe nyingine ili wamsikie akipiga. Nirudi kwenye hoja: umesema ziko za taratibu. Na ule wa Krismasi je? Hata mimi niliyeko mbali nao nimeusikia.

Kanda_ya_Kale:

Ule, Fairytale of New York, una historia ndefu. MacGowan na Jem Finer waliusukasuka zaidi ya miaka miwili. Ni mwanamume na mwanamke, wahamiaji wa Ireland huko New York, mapenzi yamechakaa, wanatukanana usiku wa Krismasi. Sauti ya mwanamke ilikuwa iwe ya Cait O'Riordan, naye akaondoka kwenye bendi mwaka 1986. Lillywhite akaibeba kanda hadi nyumbani, mkewe Kirsty MacColl akaingiza sauti ya kujaribia tu. Waliposikia, mjadala ukaishia hapo. Na Kirsty ni binti wa Ewan MacColl, yuleyule mwandishi wa wimbo wa Salford. Ulitoka Novemba 1987, ukawa namba 1 Ireland na namba 2 Uingereza, na kila Desemba hurudi kwenye chati.

Muundo wake ndio jibu langu kwako. Unaanza na piano na sauti ya mlevi aliyefungiwa rumande, polepole kabisa, kama mama wa yule mzee wangu wa Mayo angeuimba. Halafu filimbi na kodiani vinaingia na jigi inaamka. Maombolezo yamo kule mwanzo na yanaendelea kutembea ndani ya ile furaha hadi mwisho.

Kirsty alifariki Desemba 2000 huko Mexico. Alikuwa majini na wanawe, boti ya kasi ikaja, akamsukuma mtoto pembeni ikampiga yeye. Siku ya maziko ya Shane, tarehe 8 Desemba 2023, kanisani Nenagh, Tipperary, Glen Hansard na Lisa O'Neill waliuimba wimbo huo, na watu wa familia wakainuka wakacheza mbele ya kanisa, jeneza likiwa palepale. Nilitazama nikiwa kazini, nikaomba ruhusa nitoke nje.

Mwana_Horslips:

Usisahau upande wa siasa. Albamu ya 1988 ina wimbo unaosema waziwazi kwamba wale Wairishi sita waliohukumiwa kwa mabomu ya Birmingham na wale wanne waliohukumiwa kwa yale ya Guildford wamefungwa bila hatia. Mamlaka ya utangazaji ya Uingereza ikaupiga marufuku. Wanne waliachiwa Oktoba 1989, sita Machi 1991. Kuimba vile wakati mahakama bado inasema wana hatia kulihitaji kifua.

Fundi_Spika:

Na waliofuata nyayo? Nimekutana na Dropkick Murphys kwenye video za mpira wa Marekani.

Kanda_ya_Kale:

Hao ni wa Quincy, Massachusetts, tangu 1996. Wameongeza zumari za mfuko na gitaa zito, na mwaka 2001 MacGowan aliwaimbia kwenye albamu yao. Flogging Molly wa Los Angeles wanaongozwa na Dave King, mzaliwa wa Dublin aliyetoka kwenye roki nzito. Nguvu wanayo, tena nyingi. Maneno ya MacGowan hawajayafikia, kwa sikio langu.

Kwa anayeanza: albamu ya 1985 kwanza, kisha ya 1988. Za baadaye utazifuata mwenyewe ukizipenda.

Fundi_Spika:

Nimeanza na ya 1985 usiku huu, spika kubwa, mke kalala kwa ndugu zake. Wa kwanza umenirusha kitini. Wa pili nikasubiri mbio, hazikuja. Kodiani imeshikilia sauti moja chini, jamaa anasimulia kijana wa miaka 16 aliyeingia London na jinsi London ilivyomfanya. Nimeurudia mara tatu. Yule mzee wako aliusemaje huo?

Kanda_ya_Kale:

Hakuusema, mkuu. Miaka minne nilipanda gari lile. Wimbo wa kwanza ukiisha alinyoosha kidole akaikimbiza kanda mbele hadi wa tatu, kila asubuhi, bila kuangalia. Siku moja peke yake nilimuuliza kwa nini. Akaniambia mwaka ule 1961 aliposhuka kwenye treni alikuwa na miaka 16, kisha akaniuliza kama nimebeba glavu, maana saiti siku ile kulikuwa na barafu.